Usiguse ruti kabla hujajua trafiki inatoka wapi: kukusanya takwimu za floo hatua kwa hatua

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na linki mbili za gigabiti moja moja kwenda nje, tuziite A na B. Kila jioni A inagonga megabiti 940 kwa sekunde, B imekaa zake kwenye 200, simu zinaita tu kila mtu anasema intaneti inakwama. Mi nikaona jibu si liko wazi, nikakata ruti ya difolti vipande viwili, 0.0.0.0/1 ipite A na 128.0.0.0/1 ipite B, nikakaa nasubiri grafu ishuke. Haikushuka hata chembe. Kumbe kilichojaa ni upande wa kuingia, yani vitu watu wanavyodaunilodi, na mi nilichogusa ni upande wa kutoka ambao hata haukuwa na shida. Grafu ilinionyesha kwamba bomba limejaa ila haikusema limejazwa na nini.

Sasa hiyo ndo tofauti ya kaunta za SNMP (njia ya kusoma vipimo vya kifaa kupitia mtandao) na takwimu za floo. SNMP inakupa jumla ya baiti zilizopita kwenye intafesi basi. Floo ni kama mlinzi wa getini mwenye daftari: anaandika nani kaingia, anatoka wapi, anaenda kwa nani, saa ngapi, kabeba mizigo mingapi, ila mizigo haifungui. Kwenye NetFlow ya asili (mfumo wa Cisco wa kuandika floo) mtiririko mmoja, yani floo moja, unatambulika kwa vitu saba: IP ya chanzo, IP ya mwisho, poti ya chanzo, poti ya mwisho, protokali, alama ya aina ya huduma, na intafesi ulioingilia. Paketi zote zinazofanana kwa hivyo saba zinahesabiwa kwenye mstari mmoja wa daftari.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye ruta yake, linki zaidi ya moja kwenda nje, na seva moja ya Linux ya kuhifadhia. Kama una linki moja tu takwimu bado zitakusaidia kujua nani anakula bendwidi, ila habari ya kuhamisha njia haikuhusu sana.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwanza

Usicheke, hii hatua ndo watu wanairuka. Andika mstari mmoja: linki gani imejaa, upande gani (kuingia au kutoka), saa ngapi, na unataka kuhamisha megabiti ngapi. Kwangu ingekuwa hivi: "A, kuingia, saa 1 hadi saa 5 usiku, nataka kutoa kama 300." Ningeandika huo mstari siku ile nisingepoteza jioni nzima.

Hapo hapo hakikisha kaunta zako za SNMP ni za biti 64, yani ifHCInOctets na ifHCOutOctets, sio zile za zamani ifInOctets. Kaunta ya biti 32 inajaa na kuanza upya sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi kwenye linki ya gigabiti moja iliyojaa, sasa we unasoma kila dakika 5, unadhani utaona nini? Utaona grafu imelala kumbe linki inawaka moto.

Hatua ya 2: Chagua aina ya takwimu kulingana na kifaa ulichonacho

Hapa sina maneno mengi. NetFlow v5 ni ya zamani, iko karibu kila mahali, rahisi, ila inajua IPv4 tu, na sehemu yake ya namba ya AS (namba ya utambulisho ya mtandao mzima, kama wa mtoa huduma) ni biti 16, kwa hiyo mtandao wowote wenye namba ndefu ya biti 32 utauona umeandikwa 23456. Ukiona AS 23456 inaongoza kwenye orodha yako usianze kuitafuta ni kampuni gani, hakuna, hicho ni kibandiko tu cha "namba haijaenea hapa". NetFlow v9 (RFC 3954 ya mwaka 2004) inatumia templeti (maelezo ya jinsi rekodi zilivyopangwa, yanayotumwa na ruta yenyewe), inabeba IPv6 na namba ndefu. IPFIX ndo kiwango rasmi kilichotokana na v9, RFC 7011 ya 2013. sFlow yenyewe ni kitu kingine kabisa, swichi inaokota paketi moja katika kila kadhaa na kutuma kichwa chake, haitunzi daftari lolote, ndo maana swichi kubwa zinaipenda.

Kama kifaa chako kina v9 au IPFIX chukua hiyo. Kama ni swichi yenye sFlow pekee, poa, inatosha kabisa kwa kazi ya njia. Kama ruta yako ni mashine ya Linux tu, weka softflowd.

Hatua ya 3: Sawazisha saa na namba za intafesi

Weka NTP kwenye ruta NA kwenye seva. Rekodi za floo zinabeba muda, na ruta yenye saa iliyokosea itakuletea trafiki ya jana usiku leo asubuhi. Afu kwenye Cisco IOS weka `snmp-server ifindex persist`, maana floo hazitumi jina la intafesi, zinatuma namba, na bila hiyo amri ruta ikiriboot namba zinaweza kubadilika, ile namba 3 iliyokuwa linki A inakuwa kitu kingine na ripoti zako zote zinakuwa za uongo bila hata kukuonyesha kosa lolote.

Hatua ya 4: Washa floo kwenye ruta

Kwenye Cisco yenye Flexible NetFlow ni hivi (anwani nilizotumia mwongozo mzima ni zile za mifano tu, weka zako):

```
flow exporter TUMA
 destination 192.0.2.10
 source Loopback0
 transport udp 2055
 export-protocol netflow-v9
 template data timeout 60
!
flow monitor TAZAMA
 record netflow ipv4 original-input
 exporter TUMA
 cache timeout active 60
 cache timeout inactive 15
!
interface GigabitEthernet0/1
 ip flow monitor TAZAMA input
```

MikroTik:

```
/ip traffic-flow set enabled=yes interfaces=all active-flow-timeout=1m
/ip traffic-flow target add dst-address=192.0.2.10 port=2055 version=9
```

Linux:

```
softflowd -i eth0 -v 9 -n 192.0.2.10:2055 -t maxlife=60
```

Sasa mambo mawili hapa nataka uyashike vizuri.

La kwanza ni hiyo taimauti ya 60. Kwenye vifaa vingi difolti ya taimauti ya mtiririko ulio hai ni dakika 30, yani kama mtu anadaunilodi faili moja kubwa ruta inakaa na hesabu yake mpaka dakika 30 ziishe ndo inaituma yote kwa mkupuo. Tufanye hesabu: mtu mmoja anavuta megabiti 100 kwa sekunde kwa dakika 29, hiyo ni gigabaiti 21.75. Rekodi inafika kwenye seva mwishoni kabisa, inaingia kwenye faili moja la dakika 5, we unachukua gigabaiti 21.75 unazidisha kwa 8 unagawa kwa sekunde 300, unapata megabiti 580 kwa sekunde. Trafiki ya 100 imegeuka 580 ndani ya dakika 5, na zile dakika 25 za mwanzo zinaonekana tupu. Halafu mtu anakaa anashangaa mbona grafu ya floo ina miiba na ya SNMP imenyooka. Weka 60, ukizidisha sana weka 120. Ruta itatuma rekodi nyingi zaidi kidogo, vumilia.

La pili ni wapi unawasha. Kanuni yangu: washa upande wa kuingia (input) kwenye intafesi ZOTE za ruta zinazopitisha trafiki, za ndani na za nje, na usiwashe upande wa kutoka popote. Kila paketi inaingilia mlango mmoja tu, kwa hiyo kila paketi inahesabiwa mara moja, na rekodi yenyewe ina namba ya mlango iliotokea kwa hiyo hujakosa kitu. Ukiwasha input na output kila mahali utahesabu kila kitu mara mbili. Ukiwasha input kwenye linki A peke yake utaona vinavyoingia kutoka A lakini vinavyotoka hutaviona kabisa, hivyo vinaingilia upande wa LAN.

Na IPv6 inataka monita yake, usisahau, ile `ipv4 original-input` haiihesabu. Nimeshaona mtu anatafuta robo ya trafiki yake iliyopotea siku mbili nzima kumbe yote ni IPv6.

Hatua ya 5: Pokea

Kwenye seva weka nfdump, ndani yake kuna nfcapd ambayo ndo kolekta yenyewe:

```
nfcapd -D -w /data/floo -p 2055 -S 1 -t 300
```

Toleo la zamani la 1.6 folda inaandikwa kwa `-l` badala ya `-w`, kwa hiyo ukipata kosa angalia hapo kwanza. `-t 300` maana yake faili jipya kila dakika 5, `-S 1` inapanga mafaili kwenye folda za mwaka, mwezi na siku, utanishukuru baada ya mwezi. Kama kifaa chako ni cha sFlow programu inaitwa sfcapd na poti ya kawaida ni 6343.

Kisha angalia kama kweli kuna kitu kinafika:

```
tcpdump -ni eth0 udp port 2055
```

Hapa kuna mtego wa kijinga sana. tcpdump inaona paketi KABLA ya fayawoli ya seva haijazigusa. Kwa hiyo unaweza kuona paketi zinamiminika kwenye tcpdump huku nfcapd inaandika mafaili matupu, na unaanza kulaumu templeti, unalaumu toleo la programu, unariboot ruta ya watu, kumbe ni fayawoli ya seva yako mwenyewe inazidondosha. Fungua UDP 2055 kutoka IP ya ruta tu, sio kutoka dunia nzima, maana UDP mtu yeyote anaweza kukutumia takataka na kolekta ikaiandika kama kweli.

Kama fayawoli iko sawa na bado ni matupu, subiri. v9 na IPFIX haziwezi kusomwa mpaka templeti ifike, ndo maana tuliweka `template data timeout 60`, ukiiacha difolti unaweza kusubiri dakika kadhaa bila kuona chochote.

Angalia pia logi ya nfcapd, kila anapofunga faili anaandika idadi ya floo na idadi ya mfuatano uliovunjika. Floo zinasafiri kwa UDP, ikipotea imepotea hakuna wa kuirudisha. Mfuatano ukivunjika mara moja moja sawa, ukivunjika kila faili ongeza bafa ya soketi kwa `-B` na upandishe `net.core.rmem_max` kwenye seva.

Hatua ya 6: Linganisha na SNMP kabla hujaamini chochote

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo inayorukwa kuliko zote. Chukua saa moja ya msongamano, jumlisha baiti zote za floo zilizoingia linki A:

```
nfdump -R /data/floo/2025/03/11/nfcapd.202503111900:nfcapd.202503111955 'in if 3' -s proto/bytes
```

Chini kabisa kuna jumla ya baiti. Zidisha kwa 8, gawa kwa sekunde 3600, linganisha na wastani wa SNMP wa saa hiyo hiyo.

Hazitalingana kabisa na hazitakiwi kulingana. Floo inahesabu baiti za IP, SNMP inahesabu na fremu ya Ethernet ambayo ni baiti 18 juu ya kila paketi. Paketi za 1500 tofauti ni kama asilimia 1.2, paketi ndogo ndogo za sauti za baiti 100 tofauti inafika 18. Kwa hiyo SNMP ikizidi kwa asilimia mbili tatu, umefaulu, songa mbele. Floo ikiwa mara mbili ya SNMP umewasha input na output. Floo ikiwa nusu kuna intafesi umeisahau au ni ile IPv6. Na ikiwa ndogo mara 100 au mara 1000 kamili, hiyo ni sampuli, kifaa kinahesabu paketi moja kati ya 1000 na kolekta haijaambiwa izidishe.

Kuhusu sampuli kwa ujumla, watu wanaiogopa bure. Usahihi hautegemei asilimia ya paketi ulizookota, unategemea idadi ya sampuli ulizopata za kitu unachokipima. Kosa kubwa linalotarajiwa, kwa uhakika wa asilimia 95, ni 196 mara kipeuo cha pili cha 1 chini ya idadi ya sampuli. Ukiwa na sampuli 10,000 za mtandao fulani kosa haliwezi kuzidi kama asilimia 2, ni safi kabisa. Ukiwa na sampuli 100 ni karibu asilimia 20. Kwa hiyo wakubwa kumi wa juu kwenye orodha waamini, yule wa 80 huko chini usimfanyie maamuzi.

Hatua ya 7: Kaa mikono mfukoni siku 7

Ndio, wiki nzima. Jumatano haifanani na Jumapili, na siku kuna programu kubwa inasambaza sasisho hiyo siku haifanani na kitu chochote. Unachotafuta ni trafiki nzito NA inayojirudia. Kitu kilichokula megabiti 300 mara moja usiku mmoja ni bakapu ya mtu, ukihamisha njia kwa ajili yake kesho haipo na umebaki na konfigi ya ajabu isiyo na kazi.

Wakati unasubiri panga suala la kuhifadhi. `nfexpire -e /data/floo -t 30d` inafuta vilivyozidi siku 30. Na hapa niseme kitu: hizo rekodi zinaonyesha nani kaongea na nani na saa ngapi, hata kama hazina maneno ndani ni habari za siri za watu. Kwa kazi ya njia hauhitaji kujua IP moja moja, unahitaji bloku (makundi ya anwani za IP) na namba za AS tu. Funga folda, mpe ruhusa anayehitaji, futa mbichi mapema, tunza muhtasari.

Hatua ya 8: Uliza swali sahihi kwa upande sahihi

Hapa ndo nilikosea mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Upande wa kutoka* we ndo bosi. Ruta yako ndo inaamua paketi ipite wapi. Kwa hiyo unauliza: trafiki inayotoka A inaenda kwenye mitandao gani?

```
nfdump -R <wiki nzima> 'out if 3' -s dstas/bytes -n 15
```

Karibu kila mahali utakuta AS chache tu zinabeba sehemu kubwa ya trafiki na mamia mengine yanagawana makombo, ndo maana huhitaji kuhamisha nusu ya intaneti kama nilivyofanya mi, unahamisha mbili tatu. Kama safu ya AS imejaa sifuri, pengine ruta yako haijazi AS kwenye floo au haina jedwali kamili la BGP (protokali ambayo mitandao inatangaziana njia). Dawa ni pmacct: nfacctd yake inaweza kufungua kikao cha BGP na ruta yenye jedwali kamili na kujaza AS yenyewe. Au tumia `-A dstip4/24 -O bytes` upange kwa bloku.

*Upande wa kuingia* we sio bosi. Anayeamua ni mtandao ulioko mbali, we unaweza kumshawishi tu kwa namna unavyotangaza bloku zako. Kwa hiyo kujua kwamba AS fulani inakuletea megabiti 400 ni habari nzuri ya kuongea ila haikupi mkono wa kushika. Unachotakiwa kupanga ni bloku ZAKO:

```
nfdump -R <saa za msongamano> -A dstip4/24 -O bytes 'in if 3'
```

Tuseme una bloku tatu na linki A jioni inaonyesha hivi: 203.0.113.0/24 inaingiza 410, 198.51.100.0/24 inaingiza 330, 192.0.2.0/24 inaingiza 200. Jumla 940. B ina 200. Ukihamisha ile ya 330 yote, A inabaki 610 na B inakuwa 530. Ukihamisha ile ya 200, A 740 na B 400. Ukihamisha ya 410 A inashuka 530 lakini B inapanda 610, umebadilisha tu nani aliyejaa zaidi. Mi ningeenda na ya 330.

Ila tazama tena hizo namba: 940 na 200 ni 1140. Linki moja ikikatika, iliyobaki ya gigabiti moja haiwezi kubeba zote hata ufanye nini. Hapo hakuna ruti itakayokuokoa, hapo ni kuongeza linki, na sasa una wiki nzima ya takwimu za kumwonyesha anayeshika hela.

Hatua ya 9: Badilisha kitu kimoja

Kuingia: rudia namba yako ya AS kwenye tangazo la ile bloku upande wa A ili njia hiyo ionekane ndefu. AS yako tuseme ni 64496:

```
ip prefix-list SOGEZA permit 198.51.100.0/24
ip prefix-list ZANGU permit 203.0.113.0/24
ip prefix-list ZANGU permit 192.0.2.0/24
!
route-map KWENDA-A permit 10
 match ip address prefix-list SOGEZA
 set as-path prepend 64496 64496
route-map KWENDA-A permit 20
 match ip address prefix-list ZANGU
```

Ile permit 20 usiisahau, mwisho wa route-map kuna kataa-yote isiyoandikwa, ukiiacha bloku zako nyingine mbili zinaacha kutangazwa upande wa A. Na usiiache wazi bila match, maana wazi inapitisha kila kitu, ikiwemo ruti ulizojifunza kutoka B, ghafla umekuwa daraja kati ya watoa huduma wako wawili na trafiki ya dunia inapita kwenye gigabiti yako moja.

Ifunge hiyo route-map kwa jirani wa A upande wa kutoka, kisha `clear ip bgp <jirani> soft out`. Soft, tafadhali, usiangushe kikao.

Usitegemee 330 zote zihame. Mtandao mwingine unaangalia `local-preference` yake (alama ya upendeleo anayoipa kila njia) kwanza kabla ya urefu wa njia, na mtoa huduma wa A mwenyewe karibu kila mara anapendelea njia ya moja kwa moja ya mteja wake hata uirudie mara kumi. Kurudia zaidi ya mara 3 sijawahi kuona kunaongeza kitu. Isipotosha uliza mtoa huduma wako kama ana komyuniti za BGP (alama unazobandika kwenye tangazo lako) za kushusha `local-preference` upande wake, hizo zina meno. Njia nyingine ni kutangaza bloku ndogo zaidi upande wa B, ila kumbuka kwenye IPv4 ndogo kuliko /24 mitandao mingi inaitupa, na kwenye IPv6 mpaka ni /48.

Kutoka ni rahisi zaidi: panga route-map ya kuingia kwenye kikao cha B yenye as-path `_64500$` na `set local-preference 200`, difolti ni 100 kwa hiyo B inashinda kwa AS hiyo tu. Hapa tena iwepo permit ya mwisho, safari hii wazi ni sawa.

Na kama msongamano uko ndani, kati ya ruta zako zenyewe zinazoongea OSPF (protokali ya kuchagua njia za ndani kwa gharama ya linki), angalia kitu kimoja kabla ya yote: difolti ya Cisco inapima gharama kwa megabiti 100, kwa hiyo linki ya 100, ya 1000 na ya 10,000 zote zina gharama 1 na OSPF inaziona sawa sawa. Weka `auto-cost reference-bandwidth 100000` kwenye ruta ZOTE, sio moja. Na ECMP (kugawa trafiki kwenye njia zenye gharama sawa) inagawa kwa mtiririko, sio kwa paketi, kwa hiyo mtiririko mmoja mnene hauwezi kukatwa katikati, utalala upande mmoja tu. Ukiona linki mbili za ECMP hazilingani, orodhesha floo kumi nene kwa `-s record/bytes -n 10` utamkuta mwenyewe.

Hatua ya 10: Pima kwa amri ile ile

Fanya mabadiliko asubuhi, pima jioni, kwa amri ile ile ya hatua ya 8, saa zile zile. Usilinganishe Jumanne na Jumamosi. Mi kwenye ile A na B nilipofanya kwa utaratibu huu bloku iliyohamishwa haikuhama yote, kama theluthi hivi ilibaki A, ila A ilitoka kwenye kujaa na simu zikaacha kuita. Niliacha hapo hapo, sikurudia mara ya tatu.

Andika kwenye faili la maandishi tu: tarehe, mstari uliobadilisha, namba za kabla, namba za baada, na amri ya kurudisha ilivyokuwa. Hiyo amri ya kurudisha iandike KABLA ya kubadilisha, na iwe ile inayofanya kazi ukiwa umekaa kwenye konsoli ya ruta bila intaneti.

Kisha weka kroni iendeshe ile amri ya `-A dstip4/24` kila usiku na ikutumie matokeo, maana bloku iliyokuwa na 200 leo mwezi ujao inaweza kuwa ndo yenye 500, na ile pripendi (marudio ya namba ya AS) uliyoweka bado itakuwa imekaa pale pale inasukuma isichotakiwa kusukuma.